Ufanisi wa Nani? Yadi Zilizofungwa za Reli za Marekani

Neno "ufanisi" limekuwa kama dua katika mihadhara na taarifa zetu za serikali: hutamkwa, watu wakaitikia, wakaondoka. Nashauri tulitazame mahali lilipotekelezwa bila huruma, yaani katika reli za mizigo za Marekani.

Behewa la kemikali au mbao halisafiri peke yake. Hufikishwa yadini, likasukumwa juu ya kilima kidogo, likafunguliwa na kuteremka kwa uzito wake hadi kwenye njia ya mabehewa yanayokwenda upande mmoja nalo. Kazi hiyo hula muda, ardhi na watu. Lakini ndiyo inayomwezesha mwenye kiwanda kidogo, anayetuma mabehewa matatu tu, kutumia reli ileile anayoitumia tajiri mwenye kujaza treni nzima.

Machi 2017 Hunter Harrison alikabidhiwa CSX, kampuni iliyokuwa na yadi 12 za namna hiyo. Katika miezi michache nyingi zilisimamishwa au kugeuzwa yadi za kawaida. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: behewa lililosimama halimwingizii mtu senti. Ila kufikia kiangazi mizigo ilikuwa imekwama, na Oktoba bodi ya serikali inayosimamia reli ikaketi kusikiliza malalamiko ya wateja. Wenye hisa hawakujali. Mwaka 2019 CSX ilitumia chini ya dola 60 kupata kila dola 100 za mapato, na Union Pacific na Norfolk Southern zilikwisha kushika njia hiyohiyo.

Union Pacific ilikuwa imeanza kujenga yadi mpya ya Brazos, Texas, kwa dola milioni 550. Mapema 2019 ujenzi ukasitishwa. Tuliambiwa treni ndefu zinahitaji njia ndefu za kupishana, si yadi. Sawa, kwa kiasi. Lakini mabilioni ya sekta hii yalitumika kununua hisa za kampuni zenyewe na kulipa gawio, jambo ambalo Martin Oberman, alipokuwa mwenyekiti wa bodi hiyo, alilikemea hadharani.

Sigombi na kufungwa kwa yadi ambayo mizigo imeikimbia. Nagomba na kampuni inayofunga yadi ili mizigo yenye faida ndogo iikimbie, ilhali sheria inaitaka ibebe mzigo wa kila anayeomba kwa masharti ya haki. Huko si kubana matumizi. Ni kuchagua wateja kwa mlango wa nyuma.

Na gharama ya uamuzi huo haikutoweka, ilihamishiwa kwa wengine. Msimamizi wa ghala hungoja. Lori huingia barabarani. Dereva wa treni huitwa usiku wa manane kwa kuwa wenzake wamepunguzwa. Aprili 2022 bodi ililazimika kuketi tena, kwa malalamiko yaleyale, safari hii dhidi ya kampuni kadhaa.

Desemba mwaka huo Bunge la Marekani liliwalazimisha wafanyakazi wa reli kupokea mkataba ambao baadhi ya vyama vyao vilikuwa vimeukataa. Pendekezo la kuwapa siku saba za likizo ya ugonjwa yenye malipo lilipita katika Baraza la Wawakilishi. Katika Seneti lilipata kura 52 dhidi ya 43. Zilihitajika 60.