Mali bila daftari: Wakulima Kilombero wapatiwe programu huria ya mahesabu

WAHENGA walisema mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huu umebandikwa ukutani katika maduka mengi hapa nchini, lakini si kila aliyeubandika ana daftari chini ya meza yake.

Katika Bonde la Kilombero maana ya usemi huu huonekana kila baada ya mavuno. Kuanzia Ifakara hadi Mngeta na Mlimba, mpunga unapotoka shambani mashine za kukoboa hunguruma mchana kutwa na fedha hupita mikononi mwa watu wengi. Miezi michache baadaye, mkulima yule yule aliyeuza anatafuta mtu wa kumkopesha mbegu.

Ukimuuliza alipata faida kiasi gani, atakutajia idadi ya magunia aliyouza na bei aliyouzia. Hayo ni mapato. Faida ni jambo jingine, na wengi wetu hatuijui kwa sababu hatukuandika.

Tuchukue mfano wa ekari moja. Bei tunazozitaja hapa ni za kuonyesha hesabu tu, kila msomaji aweke za kijijini kwake. Kukodi shamba Sh. 100,000, trekta kulima na kupiga haro Sh. 110,000, mbegu Sh. 40,000, mbolea Sh. 120,000, dawa ya magugu Sh. 50,000, vibarua wa kupanda na kupalilia Sh. 150,000, kuamia ndege Sh. 60,000, kuvuna na kupura Sh. 160,000, magunia na usafiri Sh. 60,000. Jumla ni Sh. 850,000.

Mkulima huyu akipata magunia 17, kila gunia limemgharimu Sh. 50,000. Lakini kwa kuwa hakuandika, anakumbuka shamba, trekta, mbegu, mbolea na vibarua wa kupalilia tu, yaani Sh. 520,000. Kichwani mwake gunia limemgharimu kama Sh. 30,600. Mnunuzi akija na Sh. 48,000 anauza huku akitabasamu, kumbe amepoteza Sh. 2,000 kwa kila gunia. Na hapo hatujahesabu nguvu za mke, mume na watoto ambao hawakulipwa kitu.

Hapa ndipo penye hatari. Mkulima asiyejua gharama ya gunia lake hana mahali pa kusimama katika mapatano ya bei. Hawezi kuamua kama auze Juni au ahifadhi, wala hajui kama mkopo anaouchukua utalipika.

Mfanyabiashara mdogo naye anaumia kwa njia nyingine. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipunguza kodi ya makadirio, lakini ikaendelea kumtofautisha anayetunza kumbukumbu na asiyetunza. Mwenye mauzo ya kati ya Sh. milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, bila kumbukumbu, aliwekewa Sh. 100,000. Mwenye kumbukumbu aliwekewa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kwa hiyo mwenye duka aliyeuza Sh. milioni 5 akiwa na daftari alitakiwa kulipa Sh. 30,000. Tofauti ya Sh. 70,000 ni bei ya kutoandika. Viwango hubadilika, hivyo ni vyema kuulizia TRA vya mwaka husika, lakini funzo linabaki lile lile.

Swali ni je, teknolojia inaweza kusaidia? Jibu letu ni ndiyo, tena bila mkulima kununua programu.

Duniani kuna programu za mahesabu binafsi zinazoitwa programu huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiendesha, umewekwa wazi. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kumpa mwenzake bila malipo. Mojawapo ni GnuCash, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 1998 na hadi leo inaendelezwa na watu wanaojitolea.

Programu hiyo hufuata kanuni ya kuingiza kila jambo mara mbili, ambayo mtawa wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Kanuni yenyewe si ngumu. Ukichukua mifuko miwili ya mbolea kwa mkopo, unaandika kwamba una mbolea, na papo hapo unaandika kwamba una deni dukani. Ukipeleka magunia matatu nyumbani kwa chakula, yanaandikwa yametoka ghalani na yameingia jikoni. Hakuna kinachopotea njiani.

Hata hivyo, tusidanganyane. Programu hizo zimetengenezwa kwa mtu mwenye mshahara wa kila mwezi, akaunti ya benki na kompyuta mezani. Mkulima wa Kiberege anahesabu kwa msimu, fedha zake ziko mfukoni, kwenye simu na kwenye kikundi, na mauzo yake ni kwa gunia na debe. Anahitaji programu ya simu, kwa Kiswahili, inayofanya kazi hata pasipo na mtandao, na yenye sehemu ya kuandika lumbesa ili aone kipimo hicho kinamla kiasi gani.

Kampuni kubwa za nje haziwezi kuhangaika na soko dogo kama hilo. Ndiyo maana tunasema njia ya programu huria inafaa: si lazima kuanza sifuri. Watengenezaji wetu wanaweza kuchukua msimbo uliopo na kuukata kwa kipimo chetu.

Zipo sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni siri. Daftari la mkulima linaonyesha madeni yake, mavuno yake na shida za nyumba yake. Mnunuzi akiyajua hayo mapema, bei imekwisha kuamuliwa. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini kinga nzuri zaidi ni programu inayohifadhi hesabu kwenye simu ya mwenyewe, na ambayo mtaalamu yeyote anaweza kuifungua ndani akathibitisha kwamba haipeleki habari kwa mtu mwingine.

Sababu ya pili ni uhai. Kampuni ya Microsoft ilikuwa na programu ya mahesabu ya nyumbani iliyoitwa Money. Mwaka 2009 iliacha kuiuza, na waliokuwa wameilipia hawakuwa na uwezo wa kuiendeleza wenyewe kwa kuwa msimbo ulikuwa wa kampuni.

Programu huria nazo hufa. Toleo la GnuCash la simu za Android lilianza mwaka 2012, kisha likakosa watu wa kulitunza na likaachwa. Lakini msimbo wake ulibaki wazi, na wengine wakaweza kuuokota na kuuendeleza. Hiyo ndiyo tofauti, na pia ndilo onyo: kitu cha bure kinahitaji mtunzaji, kama mfereji wa umwagiliaji unavyohitaji watu wa kuuzibua.

Wanaosema kazi hii ni ya Wazungu wakumbuke kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Chuo hicho hicho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo katika programu huria ya DHIS2 inayotumika kukusanya takwimu za afya nchini. Uwezo tunao.

Kilombero ina bahati ya kuwa katika Mkoa wa Morogoro, wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Mzumbe. Mmoja anajua shamba, mwingine anajua uhasibu. Tunashauri vyuo hivi vikae pamoja na kuwapa wanafunzi kazi hii, badala ya ripoti zinazoishia kwenye makabati.

Vijana hao waende Ifakara wakati wa msimu, wakae na makatibu wa SACCOS na vikundi vya kuweka na kukopa, waone madaftari yanavyoandikwa sasa. Watagundua kwamba wakulima wengine wana simu za vitufe, hivyo programu iweze kutumiwa na katibu mmoja kwa niaba ya wenzake, kila mmoja akiwa na ukurasa wake wa siri.

Halmashauri na vyama vya ushirika navyo vitenge fungu dogo la kuitunza programu hiyo mwaka hadi mwaka. Bila fungu hilo itazinduliwa kwa ngoma na vigelegele, na msimu wa pili hakuna atakayeikumbuka.

Kwa upande wa wakulima na wafanyabiashara, tusisubiri simu. Programu haitaandika kile ambacho mwenye mali hakusema. Atakayezoea kuandika kwenye daftari la kawaida tangu siku ya kukodi shamba, ndiye atakayeweza kutumia programu siku itakapofika.

Tunaamini kwamba mkulima wa Kilombero akisimama mbele ya mnunuzi akiwa anajua gunia lake limemgharimu shilingi ngapi, mazungumzo ya bei yatabadilika. Daftari la senti chache linaweza kuanza kazi hiyo msimu huu, na vyuo vyetu viharakishe kuleta lile la simu.