Vipimo vya ini na mahindi ya ghalani

Matokeo ya damu yaliyovuka viwango vya kawaida, kwa mtu ambaye saratani yake imetulia, si lazima yamaanishe kwamba ugonjwa umerudi. Viwango hivyo hupangwa ili asilimia 95 ya watu wenye afya waingie ndani yake. Kwa hiyo katika kila 20 wasio na ugonjwa wowote, mmoja huangukia nje. Anayepimwa vitu vingi kwa mkupuo mmoja mara nyingi hukuta kimojawapo kimetiwa alama.

Chembechembe nyeupe huwatia watu hofu ya bure mara nyingi. Dawa za kemo huzipunguza, na baadhi ya wagonjwa hukaa miezi kabla hazijarejea. Tena Waafrika wengi huzaliwa na neutrofili, aina mojawapo ya chembechembe nyeupe, chache kuliko vitabu vya Ulaya vinavyotaja, wala haziwadhuru. Eosinofili, aina nyingine ya chembechembe hizo, zikipanda, minyoo na kichocho ndivyo vya kushukiwa mwanzo. Lakini chembechembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani zikishuka kwa pamoja, uboho hupaswa kuchunguzwa, maana baadhi ya dawa za saratani huweza kuleta lukemia miaka kadhaa baadaye.

Vipimo vya ini navyo vina habari yake huko Ukambani, Kenya. Mwaka 2004, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya aflatoksini, wengi wao Makueni na Kitui. Walikula mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, kuvu ikaota. Machakos ilikuwa imepigwa na janga kama hilo mwaka 1981. Sumu hiyo huumiza seli za ini, na vimeng'enya vya ALT na AST hupanda katika damu. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, husababisha saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kuchemsha hakuiondoi. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza, lakini hakuimalizi.

Kwa hiyo daktari wa miji ya Wote au Mwingi huko Ukambani anayeona ALT imepanda, asipouliza mahindi ya nyumbani yalikauka vipi, ameacha nusu ya uchunguzi. Hata protini ya AFP, inayofuatiliwa baada ya saratani ya ini kutibiwa, hupanda pia ini linapojijenga upya baada ya kuumia, na katika ujauzito. Namba moja haitoi hukumu. Kipimo hurudiwa baada ya wiki chache. Kikiendelea kupanda, picha ya ini hupigwa. Ni heri kurudia katika maabara ileile, kwani mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile, na mgonjwa aliyetibiwa Nairobi akifuatiliwa nyumbani abebe karatasi zake zote za zamani.

Homa kwa mwenye neutrofili zilizoshuka sana baada ya kemo haingoji kipimo cha kurudia: ni hospitali siku hiyohiyo.