Nani Anatunza Tangazo la Jana?

Mwaka 2020, matrela yalipopanga foleni kilomita kwa kilomita Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, huku madereva wakingoja majibu ya vipimo vya korona, habari nyingi ziliwafikia watu wa Adungosi, Kaunti ya Busia, kwa simu: nani avuke, soko lipi limefungwa, wapi pa kupimwa. Leo mtafiti anayetaka matangazo hayo ataanzia wapi?

Swali hilo linahusu maktaba na mtandao. Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, iliyoanza kazi mwaka 1967, imejitahidi: imeingiza kompyuta, intaneti, hata vishikwambi kwa watoto wa Kibera. Hongera zao. Lakini mwanafunzi wa Adungosi mwenye bando haendi tena maktaba kutafuta intaneti. Anachokosa ni mtu wa kumtunzia kilichopita humo, na hapo ndipo maktaba zetu hazijafika.

Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2024 ulionyesha kuwa katika kila kurasa 100 za wavuti zilizokuwapo 2013, 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Sheria yetu ya Vitabu na Magazeti ya 1960 humtaka mchapishaji awasilishe nakala, ila iliandikwa enzi ya karatasi.

Wapo wanaohifadhi. Internet Archive, shirika la California, imekuwa ikikusanya kurasa tangu 1996, na Maktaba ya Alexandria huko Misri ilipokea nakala ya hazina hiyo mwaka 2002. Hata hivyo mashine zao hazipenyi makundi ya WhatsApp wala makundi ya faragha ya Facebook, na huko ndiko Waiteso wa pande zote mbili za mpaka wanakojadiliana kuhusu mazishi, bei za mazao na siasa, kwa Kiateso. Kazi hiyo yahitaji mkutubi anayeijua lugha, anayejulikana na watu, na atakayeomba ruhusa kabla ya kunakili. Hatatoka California.

Katiba ya 2010 iliweka maktaba mikononi mwa kaunti. Basi Kaunti ya Busia itenge fungu, japo dogo, kwa kazi hii, na ishirikiane na Chuo Kikuu cha Alupe kilicho jirani. Nanyi wasomaji mlio na matangazo, picha na sauti za mwaka 2020, msizifute simu zikijaa. Zipelekeni kwa mkutubi aliye karibu nanyi, mkimwandikia tarehe na mahali.