Tukiisha Kufagia, Tutupe Wapi?

Jumamosi ya salongo tunashika mafagio na makoleo, tunazibua mifereji ya avenyu zetu. Saa nne asubuhi mfereji ni safi, na kando yake limebaki lundo la matope, chupa na vifuko vya plastiki. Hapo ndipo kazi yetu inapoishia. Hatuna mahali pa kulipeleka lundo lile, basi tunaliacha; jioni mvua inanyesha na kulirudisha lote mferejini.

Sisi wa Bukavu tunajua maji hayo yanakwenda wapi. Mji wetu umekaa juu ya vilima, na kinachoteremka kutoka Kadutu au Ibanda huishia katika ziwa Kivu au katika mto Ruzizi unaotoka humo. Kilomita chache mbele liko bwawa la Ruzizi I, lililojengwa katika miaka ya 1950. Plastiki hujikusanya pale juu ya maji, nyingine huzama na kuziba njia ya mitambo. Wafanyakazi huiokota kwa mikono, na wazamiaji hushuka chini kuiondoa. Giza tunalolinung'unikia lina sababu nyingi. Mojawapo ilitoka jikoni mwetu.

Mara nyingi husemwa, hata katika mikutano yetu, kwamba watu hawana adabu. Sisi hatuoni hivyo. Parseli nyingi ni ndogo mno, nyumba imegusana na nyumba, na hakuna pa kuchimba shimo. Mwenye uwezo hulipa watu wa kumchukulia takataka. Asiye nao husubiri usiku. Kumkaripia mama huyo bila kumwonyesha mahali ni kumfundisha tu kutupa gizani.

Vitu vikubwa ndivyo vinavyotushinda zaidi. Chuma kina wanunuzi wake, na mbao za kabati bovu hugeuka kuni. Lakini nani anataka godoro la sponji lililooza? Likichomwa hutoa moshi wenye sumu. Likitupwa bondeni hufunga njia ya maji. Nasi tunaungama: tulipopanga upya stoo ya kikundi chetu, tulimpa kijana mmoja franka chache apeleke mbali viti vya plastiki vilivyovunjika. Hatukumwuliza mbali ni wapi.

Sheria ipo. Amri ya Desemba 2017 ilikataza vifuko vya plastiki katika nchi yetu, na kila aendaye sokoni anaona ilivyofuatwa.

Basi tunapendekeza kwamba kabla ya salongo ijayo kila kikundi kizunguke avenyu zake na daftari. Kiandike nani ananunua vyuma, nani anafuga nguruwe na angefurahia maganda ya ndizi na ya viazi, nani analima bustani na anahitaji mbolea. Kiandike pia shimo lipi bado liko wazi na liko mbali kiasi gani na chemchemi, na mkokoteni unadai bei gani. Kisha twende kwa mkuu wa avenyu tukiwa na daftari hilo, tumwombe mahali pamoja panapojulikana, majirani wakiwa wamekubali, pasipo kando ya bonde wala ya maji. Na mara moja kila miezi mitatu iwekwe siku ya vitu vikubwa, gari likodishwe kwa mchango wa wote.

Wengine watajibu kwamba hiyo ni kazi ya serikali, nasi tunalipa kodi. Ni kweli, na hatutaki kuwapunguzia wakubwa wa mji wajibu wao. Lakini hawataweza kusema hawajui mahali panapohitajika, ikiwa tumewapelekea pameandikwa avenyu kwa avenyu.

Nakala ya kila daftari ibandikwe mlangoni mwa kanisa, karibu na matangazo ya ndoa, mahali ambapo kila mtu husimama kusoma. Bei ya mkokoteni isisahauliwe.