Acheni Kudharau Besi ya Bei ya Chini

Juzi hapa Manyatta kijana alifukuzwa mazoezini kabla hajapiga hata noti moja. Kosa lake? Besi ya bei ya chini, yenye jina lisilojulikana. “Hiyo ni ya watoto,” wakamwambia. Nilikuwa pale, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Gita halipimwi kwa jina lililoandikwa kichwani. Angalia shingo kwanza. Ikiwa imejisokota, hapo sawa, usinunue. Mengine yanarekebishika. Nyuzi ziko juu mno, vidole vinauma? Zishushe. Bonyeza freti ya 12, kisha guza uzi bila kuubonyeza juu ya freti hiyohiyo. Sauti zikitofautiana, sogeza kidaraja. Bisibisi, spana ndogo na subira, basi.

Tunajisifu kwa benga ya D.O. Misiani, na benga yenyewe ilichota kwenye nyatiti: nyuzi 8, mbao na ngozi. Nani aliwahi kuuliza nyatiti imetoka kampuni gani?

Kwa hivyo, kabla ya kumcheka mtoto wa watu, mkopeshe bisibisi. Halafu nyamaza, apige.