Nyumba, Dawa za Kulevya na Dhamiri: Sheria Inamwuliza Nini Mwenye Nyumba?

Mtu akikutwa na heroini mfukoni, swali la kwanza la sheria halina ugumu mkubwa. Ugumu huanza pale anaposhtakiwa mtu ambaye hakukutwa na chochote mikononi, ila nyumba ni yake. Nchini Marekani mtu huyo hukabiliwa na kosa linalojitegemea, yaani kuendesha au kutunza nyumba ya dawa za kulevya. Tumeona vema kulichambua kosa hili kwa sababu wapo miongoni mwa waamini wetu wanaopangisha vyumba, na wapo wazazi ambao watoto wao mtaani huitwa mateja. Maswali yanayoulizwa katika mahakama za Marekani yanagonga pia milango yetu.

Sheria ya shirikisho la Marekani kuhusu jambo hili ilipitishwa mwaka 1986, wakati kokeini ya vipande inayovutwa kwa moshi ilipokuwa ikiangamiza mitaa mizima ya miji mikubwa. Sheria hiyo inamkataza mtu kufungua, kupangisha, kutumia au kutunza mahali popote kwa kusudi la kutengeneza, kusambaza au kutumia dawa za kulevya. Inamgusa pia mwenye mali, mpangaji, wakala na hata mfanyakazi anayesimamia mahali hapo, iwapo kwa kujua anapatoa kwa matumizi hayo, awe amelipwa au hakulipwa. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 20 na faini inayoweza kufikia dola 500,000 kwa mtu binafsi, au dola 2,000,000 kwa kampuni au taasisi. Majimbo nayo yana sheria zake. Katika jimbo la Michigan, kwa mfano, adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 2 na faini ya dola 25,000.

Je, kila mwenye nyumba iliyokutwa na dawa ni mkosaji? La hasha. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha mambo kadhaa, na hapo ndipo utetezi unapopata nafasi. La kwanza ni ujuzi: je, mshtakiwa alijua? La pili ni mamlaka: je, alikuwa na uwezo wa kuamua juu ya nyumba ile, au alikuwa mgeni tu aliyelala usiku mmoja? La tatu ni mwendelezo. Mwaka 2007 Mahakama Kuu kabisa ya Michigan iliamua kwamba neno "kutunza" linadai matumizi yenye kuendelea kwa kiasi fulani, hivyo tukio moja peke yake halitoshi. La nne ni kusudi: nyumba ile ilikuwa ya nini hasa? Zaidi ya hayo, mshtakiwa anaweza kupinga upekuzi uliofanywa kinyume cha Katiba.

Swali la kusudi ndilo lililozua mabishano makali zaidi. Katika mji wa Philadelphia, shirika liitwalo Safehouse lilitaka kufungua kituo ambamo watumiaji wa heroini wangejidunga chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, ili anayezidiwa aokolewe kabla hajafa. Mwaka 2019 jaji wa mahakama ya wilaya alikubali kwamba kusudi la shirika ni kuokoa maisha. Januari 2021 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo kwa kura mbili dhidi ya moja. Jaji Stephanos Bibas aliandika kwamba inatosha wanaokuja pale wawe na kusudi la kutumia dawa, na kwamba nia njema ya mwenye kituo haiondoi kosa. Hata hivyo, mahakama haikumweka katika kosa hilo mzazi anayeishi na mtoto wake mraibu. Mtoto yule yuko pale kwa sababu pale ni nyumbani kwake, naye hula na kulala hapo. Dawa anazotumia si kusudi la nyumba.

Kanisa lilikutana na swali kama hilo mapema zaidi. Mwaka 1999 Vatikani iliwaelekeza Masista wa Upendo wa Australia wajiondoe katika mpango wa kituo cha namna hiyo mjini Sydney. Msingi wake ni mafundisho kuhusu kushiriki katika uovu, ambayo Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori aliyafafanua kwa kina. Yuko anayeutaka uovu wenyewe, naye hana udhuru. Yuko pia asiyeutaka, lakini tendo lake linausaidia kutendeka. Huyu wa pili hupimwa kwa ukaribu wa msaada wake na uzito wa sababu inayomsukuma. Masista wale walisukumwa na upendo, lakini msaada wenyewe ulionekana kuwa karibu mno na tendo la kujidunga.

Hata hivyo, sheria inaweza kupita kipimo cha haki. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokea shauri la wapangaji wa nyumba za umma za Oakland, California. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye ulemavu, umri wa miaka 75, ambaye mhudumu wake alikutwa na kokeini ndani ya nyumba. Mahakama iliamua kwamba sheria inaruhusu mpangaji kuondolewa hata kama hakujua lolote. Dhamiri ya Kikristo haiwezi kutulia hapo. Kumwadhibu asiyejua na asiyeweza kuzuia ni kumbebesha mnyonge dhambi ya mwingine.

Afadhali sheria ya mwaka 2000 kuhusu kutaifisha mali. Inamlinda mwenye mali ambaye, mara tu alipojua, alifanya yote yaliyotarajiwa kwake ili kukomesha uovu, kama vile kutoa taarifa polisi. Wala haimdai achukue hatua itakayohatarisha maisha yake.

Tukirudi kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo inamgusa mwenye nyumba anayeruhusu kwa kujua. Kwa hiyo mwenye nyumba anayepokea kodi nono, huku akiona vijana wakiingia na kutoka usiku kucha, asijidanganye kwamba kufumba macho ni kutojua. Ni juu yake kuuliza, kuonya na kutoa taarifa. Juni 26, 2024, Papa Fransisko aliwaita wafanyabiashara wa dawa hizi wauaji, na akakataa wazo kwamba kulegeza sheria kutapunguza uraibu. Kodi inayotokana na biashara hiyo ina damu ndani yake.

Kwa mzazi tunasema neno jingine. Kumpa mwanao mraibu kitanda na chakula si kushiriki dhambi yake. Kumpa fedha ya kununulia unga, au kumruhusu auzie uani, ni jambo tofauti kabisa. Weka mpaka huo, uushike, kisha umpeleke kwenye tiba. Muhimbili imekuwa ikitoa dawa ya methadoni kwa waraibu wa heroini tangu mwaka 2011, na nyumba za upataji nafuu zipo. Ukiitwa polisi au mahakamani, mtafute wakili kabla ya kutoa maelezo.

Msamaria mwema alimpeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, na mwenye nyumba akakubali kumwuguza. Jumuiya zetu ndogo ndogo ziwajue wazazi wanaobeba mzigo huu, ziwatembelee, na zisiwanyooshee kidole. Sheria ikishauliza mwenye nyumba alijua nini, Injili inabaki ikiuliza aliyejeruhiwa alifanyiwa nini humo ndani.