Wafaransa wenyewe hawavai Paris

Wadau, leo tuongee pamba. Siyo pamba za mashindano ya urembo, hapana. Tuongee siasa ya pamba.

Ukimuuliza kijana yeyote mtaani watu wa nchi gani wanajua kuvaa, jibu la kwanza utakalopata ni Ufaransa. Hata saluni na maduka ya nguo huku kwetu yanabandikwa jina la Paris ili wateja waingie. Sasa hebu angalia picha za treni ya chini ya ardhi ya Paris saa moja asubuhi, watu wakiwahi kibaruani. Hiyo Paris utaitafuta na utaikosa. Utaona jinzi, raba, jaketi jeusi zito na begi la mgongoni. Basi!

Nguo hizo zinatoka wapi? Nyingi ni za maduka kama Decathlon, ya vifaa vya michezo, lililoanza mwaka 1976 karibu na Lille, au Kiabi, la nguo za bei poa za familia, lililoanza mwaka 1978 huko huko kaskazini. Hayo ndiyo majina ya mlalahoi wa Kifaransa. Dior na Chanel anaziona kwenye mabango kama wewe na mimi.

Tupige hesabu kidogo. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Ufaransa, baada ya makato, kilikuwa kama euro 1,426 kwa mwezi. Mkoba maarufu wa Chanel wenye mnyororo unazidi euro 10,000. Maana yake dada wa kaunta ya supamaketi afanye kazi zaidi ya miezi saba, asile, asilipe pango wala nauli, ndipo apate mkoba MMOJA. Nani atafanya hivyo?

Sasa nani ananunua? LVMH, kampuni inayomiliki Louis Vuitton na Dior, iliuza bidhaa za euro bilioni 86.2 mwaka 2023. Humo kuna pombe na vipodozi pia. Katika mauzo hayo yote, Ufaransa yenyewe ilikuwa asilimia 8 tu, na hapo umeshahesabu na watalii wanaopanga foleni Paris. Kinachobaki kinakwenda Asia, Marekani na kwingineko. Kwa hiyo sifa ya Paris ni bidhaa ya kuuza nje, kama kahawa yetu ya Kilimanjaro. Mkulima anailima, wanaoinywa wako mbali.

Lakini haikuwa lazima iwe hivi, na hapa ndipo penye hoja yangu.

Dior ilianzaje? Mwaka 1946 Christian Dior alipewa mtaji na Marcel Boussac, tajiri mwenye viwanda vya kusokota na kufuma pamba. Yaani jina kubwa kuliko yote lilizaliwa na hela ya kitambaa cha kawaida, kilichofumwa na wafanyakazi wa kawaida. Baadaye kundi la Boussac likafilisika. Mwaka 1984 likachukuliwa na kijana mmoja mzaliwa wa Roubaix, mji wa viwanda vya nguo kaskazini. Jina lake Bernard Arnault. Aliahidi kulinda ajira. Kilichofuata ni viwanda kuuzwa na maelfu ya watu kupoteza kazi. Dior akaibakiza. Leo ndiye bosi wa LVMH, na jarida la Forbes limewahi kumweka namba moja kwa utajiri duniani.

Mmeona mchezo? Nchi ilibaki na JINA, ikaachia KITAMBAA.

Mwaka huo huo wa 1984, na Roubaix hiyo hiyo, ndipo lilipoanza duka la Camaïeu, la nguo za akina mama wa kipato cha kawaida. Lilikuwa na matawi kila kona ya nchi. Septemba 2022 mahakama ikalifunga, na watu karibu 2,600, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani. Mji mmoja umemtoa tajiri wa fasheni na umezika duka la nguo za maskini.

Sasa huyo mama aliyekuwa akinunua Camaïeu ananunua wapi? Njia ni mbili. Ya kwanza ni mtumba. Ndiyo, MTUMBA! Wenyewe wanatumia Vinted, programu ya simu iliyoanzia Lithuania mwaka 2008, na mwanzoni mwa 2025 ilitajwa kuongoza Ufaransa kwa idadi ya nguo zinazouzwa, ikiyapita maduka ya nguo mpya. Ya pili ni Shein, kampuni iliyoanzia China, inayouza blauzi kwa euro chache na kukuletea mlangoni.

Wakubwa wamekasirika. Tarehe 14 Machi 2024 Bunge lilipitisha muswada wa kuzibana nguo hizi za chapchap: marufuku ya matangazo, na ada kwa kila nguo ambayo ingefikia euro 10 ifikapo 2030, isizidi nusu ya bei. Juni 2025 Seneti ikapitisha muswada huo ikiwa imeubadilisha, ikizilenga zaidi kampuni kama Shein na Temu na kuwalegezea kamba wenye maduka wa Ulaya. Julai 2025 Shein ikapigwa faini ya euro milioni 40 kwa punguzo za bei za uongo. Halafu Novemba 2025 Shein hao hao wakafungua duka ndani ya BHV, katikati ya Paris. Nje waandamanaji wakipiga kelele, na foleni ya wateja nayo ndefu!

Mimi siwatetei Shein. Punguzo la uongo ni wizi, na nguo ya kuvaa mara mbili ukatupa ni uchafu kwa dunia nzima. Tena bei hizo hizo za kutupa zimesaidia kuua ajira za wauzaji wa maduka, ambao nao ni walalahoi. Ila siwezi kumcheka mama wa watoto watatu aliye kwenye ile foleni. Anaambiwa anaiaibisha nchi ya fasheni. Fasheni ipi? Aliivaa lini?

Tena hadithi hii tunaijua. Mwaka 2016 wakubwa wa Afrika Mashariki walikubaliana mtumba uondoke ifikapo 2019, ili viwanda vyetu vifufuke. Wamarekani wakatishia kutunyima nafasi ya AGOA, wengine tukanywea. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo wa ushuru. Nia ilikuwa nzuri, nani asiyetamani kuona viwanda kama Urafiki vikinguruma tena? Lakini ukimvua mtu mtumba kabla hujampa kiwanda na mshahara, umemwacha uchi.

Namalizia na nguo moja. Mwaka 2008 Ufaransa iliamuru kila dereva awe na kizibao cha njano cha kung'aa kwenye gari, kile kile tunachokiita reflekta, cha bodaboda. Kwenye tangazo la serikali alitumika Karl Lagerfeld wa Chanel, aliyekivaa huku akikiri kwamba ni kibaya na hakiendani na kitu chochote, ila kinaweza kuokoa maisha. Miaka kumi baadaye, Novemba 2018, wananchi waliochoshwa na bei ya mafuta wakakitoa garini, wakakivaa na kuingia barabarani mpaka Champs-Élysées, mbele ya vioo vya maduka ya kifahari.

Hiyo ndiyo nguo ya mwananchi wa Ufaransa iliyotikisa dunia karne hii. Haikubuniwa na mtu maarufu, na inauzwa euro chache. Atakayetaka kujua Wafaransa wanavaaje aanzie hapo, aache majarida.

Nyie mnaoishi ughaibuni mnasemaje? Nimekosea wapi?